Mama Mlewa na Kifaa Kisichorudi Stoo

Leo, Jumanne tarehe 30 Juni 2026, Bi. Evelina Mlewa, tunayemuaga kwa kijitabu hiki, anakabidhi ufunguo wa stoo baada ya kuushika kwa miaka thelathini na minne. Katika muda huo kituo chetu kimebadilishwa jina mara tatu na kimepata wakurugenzi saba na nembo nne, lakini kufuli la stoo ni lile lile. Sisi tulioajiriwa nyuma yake tumeshazoea kuamini kwamba kufuli ndilo linaloendesha kituo, na wengine wapo kwa ajili ya hotuba.

Mama Mlewa ni mzaliwa wa Buigiri. Alianza kazi mwaka 1992, wakati hapa palikuwa karakana ya mabomba ya kunyunyizia dawa mashamba ya zabibu ya njia ya Makutupora. Siku hizi tunaitwa Kituo cha Huduma za Anga kwa Wakulima. Tunarusha droni za kunyunyiza dawa na za kufukuza kwelea kwelea kwenye uwele na mtama, na tuna bango kubwa getini linalosema hivyo kwa rangi tano. Mabomba yamekwenda, droni zimekuja, Fomu Namba Saba imebaki.

Kwa wageni wetu wasioijua, Fomu Namba Saba ndiyo ya kutolea kifaa stoo. Ina nafasi nne: ni kifaa gani, kinakwenda kufanya nini, nani amekipokea na sahihi yake, na kitarudi lini. Mama Mlewa hajawahi kumtolea mtu hata msumari kabla nafasi zote nne hazijajaa. Neno lake ni moja, na tumelisikia mpaka tunaliota: "Kitu kikitoka, kina mtu."

Fundi mmoja, ambaye kwa heshima ya ndoa yake simtaji, aliondoka Ijumaa bila kurudisha spana namba kumi na tatu. Jumamosi alikuwa anaoa huko mtaa wa Kikuyu. Mama Mlewa alihudhuria akiwa na kitenge kipya, akapanga foleni ya zawadi, akatoa zawadi yake, kisha akamwinamia bwana harusi na kumnong'oneza. Spana ilitolewa kwenye buti la gari la maharusi. Ipo kwenye video ya harusi, na bibi harusi hadi leo hajaridhika na maelezo aliyopewa.

Rubani wetu Uwesu, mtu wa Kondoa asiyekubali kwamba kuna milima mingine Tanzania, naye aliwahi kupoteza droni upande wa Chamwino. Aliandika barua ndefu kueleza kwamba imepotea kabisa. Alirudishwa kuitafuta. Siku ya tatu aliipata, ila mfuniko wake ulikuwa uani kwa Bibi Joha, kuku ameatamia mayai ndani yake. Uwesu alitaka kumwondoa kuku, lakini Mama Mlewa akamzuia kwa simu, na fomu ya siku hiyo tunayo mpaka leo: mpokeaji, kuku wa Bibi Joha; kitarudi lini, vifaranga wakishatoka. Bibi Joha aliweka dole gumba kwa niaba ya kuku. Mfuniko ulirudi baada ya siku kumi na nane, umeoshwa.

Sasa tunafika mwaka jana, mahali ambapo Mkurugenzi aliniomba nipite haraka. Nitajitahidi.

Mwezi Oktoba walikuja wageni wawili wa kampuni moja ya nje, wana suti safi na tabasamu lisilochoka. Walituletea sampuli ya ndege ndogo isiyo na rubani, na kipeperushi chenye picha ya mkulima anayecheka shambani. Maelezo yalisema ni nyepesi, ni nafuu na ni ya matumizi ya mara moja. Tuliambiwa ingemaliza kwelea kwelea wote wa Kanda ya Kati. Uwesu aliuliza inatua vipi. Alijibiwa kwamba haina haja ya kutua. Akauliza ile nafasi tupu puani ni ya nini, akaambiwa ni ya mzigo, kutegemea mahitaji ya mteja.

Hapo kila mwenye simu alikwisha kuelewa. Vita vya siku hizi tunavitazama sote wakati wa chai. Tunaviona vijidege vyenye injini inayolia kama pikipiki, vinatumwa kwa makumi usiku na mchana, vingine vikiwa vya kumchosha tu adui ili vinavyofuata vipite. Anayevituma hasubiri kirudi hata kimoja. Mkurugenzi peke yake ndiye aliyepiga makofi. Alisema kifaa kisichorudi kitatupunguzia kazi ya kuosha. Akili ya namna hiyo haipatikani kirahisi, na ndiyo maana yeye ni mkurugenzi na sisi tunaosha.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Makasha arobaini yangeingia kama zana za kilimo, yangeunganishwa kwenye karakana yetu, kisha ndege zingetoka kwenda kwa wateja. Ni wakulima wa mtama wa nchi gani hao wateja, hatukuambiwa. Mkurugenzi alikwisha kuahidiwa safari ya mafunzo ya wiki mbili na alikuwa ameanza kuulizia kama huko kuna baridi. Ilibaki sahihi moja tu, ya stoo.

Wiki hiyo hiyo televisheni ya kantini ilionyesha ghorofa la mji fulani wa mbali, ukuta mzima umeondolewa. Mama wa makamo alikuwa amesimama jikoni kwake, ghorofa ya tatu, hewani, ameshika sufuria. Mama Mlewa aliuliza ni nini kimefanya vile. Uwesu akamwambia ni kitu cha ukoo mmoja na ile sampuli iliyo stoo kwake. Mama Mlewa aliweka kikombe chini na chai hakuimaliza. Alichosema ni hiki tu: "Na yule mama alisaini wapi?" Tulicheka kidogo, kwa mazoea, halafu mtu mmoja akazima televisheni.

Ilipoletwa fomu, Mama Mlewa aliijaza kwa mwandiko wake mzuri. Kifaa, ndege ndogo. Kitarudi lini, hakirudi. Kazi yake, waliandika wageni wenyewe, kilimo. Kwenye mpokeaji akaacha wazi. Alieleza kwa upole kwamba kifaa kinachorudi anaweza kukisainia rubani, kwa kuwa atakileta. Kisichorudi kimepewa yule kinayemwangukia, kwa hiyo aje huyo asaini, au akishindwa aweke dole gumba, kama alivyofanya Bibi Joha. Mkurugenzi alishauri iandikwe "haihusiki". Mama Mlewa aliongeza pembeni kwa penseli: "Anayeangukiwa ndiye anayehusika kuliko wote."

Aliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza. Jibu lake lilikuwa mstari mmoja: "Sijatoa kifaa kwa sababu mpokeaji hajafika." Alitishiwa uhamisho, miezi minane kabla ya kustaafu. Faili lake la kustaafu likapotea mara mbili ofisi ya utumishi. Likapatikana mara zote mbili, maana aliyelichukua alikuwa amesaini. Nataka iandikwe mahali kwamba mama huyu aliogopa. Mimi niliketi naye stoo nikaona ufunguo ukikosa tundu mara mbili anapofunga kufuli, na nikaona kwamba bado alilifunga. Wageni waliondoka, wakasema hawana haraka. Wanajua kuhesabu siku, na walijua mtu hustaafu akifika sitini.

Mafanikio mengine ya Mama Mlewa ni mengi na yatasomwa na mshereheshaji: kikombe cha mfanyakazi bora mara mbili, uenyekiti wa kamati ya misiba, na kufundisha watu kumi na mmoja kazi ya stoo, wa mwisho wao akiwa mimi. Tangu anifundishe sijawahi kupoteza hata kifuniko cha kalamu. Nyumbani kwangu mume wangu husaini akichukua rimoti.

Kesho ufunguo ni wangu. Keshokutwa, Alhamisi tarehe 2 Julai, wale wageni wanarudi na makasha yao. Mkurugenzi ameshaniambia mara tatu kwamba mimi ni mwanamke wa kisasa, mwelewa, si mtu wa mambo ya zamani. Namshukuru. Sijalala vizuri tangu aanze kunisifu.

Ndiyo sababu nimefanya badiliko dogo katika kijitabu hiki, na naomba radhi kwa kamati ya maandalizi. Ukurasa wa nyuma ulitengwa kwa orodha ya vyakula. Kwa kuwa kila mtu anajua ni pilau, nimechapisha hapo ile Fomu Namba Saba ya Oktoba kama ilivyo, pamoja na yale maneno ya penseli. Zimetoka nakala mia mbili, na mnazo mikononi. Kama yupo kati yetu, meza kuu ikiwemo, aliye tayari kukipokea kifaa hicho yeye mwenyewe, nyumbani kwake, jikoni kwake, ajaze jina na kusaini, kisha aniletee stoo kabla ya Alhamisi saa tatu asubuhi. Nitamtolea siku hiyo hiyo.

Mama Mlewa, asante kwa miaka thelathini na minne. Tunakuombea afya, mvua za kutosha kwenye uwele wako wa Buigiri, na kwelea kwelea wachache. Kalale mchana bila kumwuliza mtu kitarudi lini. Sisi umetufundisha, na tumeelewa.

Nakala ya kwanza ya ukurasa wa nyuma niliipeleka mwenyewe ofisini kwa Mkurugenzi, jana asubuhi. Ameirudisha. Hakusaini.

Mwantum Iddi
Msaidizi wa Stoo, hadi leo saa tisa na nusu alasiri