Kisahani Alichokiamkia Mama Wadudu

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka fundi wa maabara aliyetutoka Jumanne iliyopita, moyo wake uliposimama ghafla. Wenzake walimwita Mama Wadudu. Alifuga mbawakawa, wale wadudu weusi wenye gamba gumu, na kuwakamua majimaji yanayochoma ngozi. Swali lake lilikuwa moja tu: je, majimaji hayo yanaweza kuua saratani?

Mikono yake haikukosa malengelenge. "Hawa ndio wakwe zangu," alitania. "Wakinigusa tu, navimba!"

Sasa sikilizeni. Mdogo wake alifariki kwa saratani. Kabla hajafa, aliridhia kipande cha uvimbe wake kibaki maabara. Mdogo mtu akazikwa. Seli za uvimbe hazikufa. Ziliendelea kukua kisahanini, ndani ya kabati la joto. Zikijaa, zinagawanywa visahani viwili. Miaka sita, wapendwa. Miaka sita baada ya mazishi.

Kila asubuhi Mama Wadudu alifungua kabati lile. "Umeamkaje, mdogo wangu?" Kisha alitega sikio, kama anayesubiri kujibiwa. Mwenzake wa meza ya pili ananiambia: "Nywele zilinisimama. Maana siku nyingine alicheka, kama aliyeambiwa kitu."

Visahanini, dawa ya mbawakawa iliua seli za saratani za wagonjwa wengine. Za mdogo wake, wapi! Mara tatu zilijaribiwa, mara tatu aliandika: hakuna badiliko. Mkuu wa maabara akaona dawa haiaminiki, akataka kuifunga kazi yote. Lakini mficha maradhi, kilio humfichua. Mwenzake alimwona. Kwenye kisahani kile alikuwa akidondosha maji ya chumvi tu. Maji, wapendwa, si dawa.

Mama Wadudu alikimbilia kwa mama yake mzazi, analia. "Mama, nikitia dawa namuua mara ya pili."

Mama huyo alinisimulia juzi alivyomjibu: "Mwanangu, mdogo wako nilimzika mimi. Aliyemo kabatini siye yeye. Ni yule aliyemuua. Nawe miaka sita unamwamkia!"

Kesho yake alitia dawa. Hakusalimia. Siku ya tatu seli za kisahani kile zilikuwa zimekunjamana, zimekufa. Akaandika ukweli, akaukiri na uongo wa mara tatu. Mkuu alimfokea hasa, kisha akaacha kazi iendelee. Hiyo bado si dawa ya kumpa mgonjwa. Safari ni ndefu.

Mama mzazi, pole sana. Umezika mabinti wawili, na sisi tunalia nawe. Wapendwa, leo kila mmoja ajiulize anachokitunza kwa jina la mpendwa wake ni kitu gani.

Visahani vingine vya seli zile bado vimo kabatini, vinasubiri majaribio. Sasa anavitunza yule mwenzake. Aliniapia kwamba yeye hatasalimia kamwe. Lakini jana asubuhi, anasema, kabla hajafungua alijikuta anabisha hodi.

Nilimuuliza kama aliitikiwa. Alikata simu.