Mahindi ya Athanasi Yasiliwe

Mnaotikisa vichwa kwenye mabenchi ya nyuma, tikiseni sasa mmalize, maana anayewasomea hana muda wa kungoja shingo zenu zichoke, na msiyoyasadiki leo hapa kigangoni mtayasadiki mkiwa mmelazwa, wakati kusadiki hakumfai mtu tena. Historia ya marehemu ilipangwa isomwe na mwanawe wa kwanza, Fredrick, naye aliiandika vizuri, ikachapwa kwa mashine mjini Bariadi, sifa zote zimo ila neno sumu halimo, kwa hiyo dada wa marehemu, Milembe, mwenye miaka sabini na nne na elimu ya darasa la nne, ameiweka kando na kuandika hii kwa mkono wake, anaisoma yeye mwenyewe, na hii ndiyo mtakayoisikia.

Marehemu Athanasi Mboje alizaliwa tarehe 14 Agosti 1958 katika kijiji cha Zagayu, ambacho siku hizi kiko Wilaya ya Itilima, Mkoa wa Simiyu, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa mzee Mboje na mkewe Shida, ambao watoto wao watatu walikufa wadogo, wakabaki Milembe na yeye. Mama yao alifariki tarehe 2 Machi 1966, Athanasi akiwa na miaka saba, na tangu siku hiyo Milembe ndiye aliyempikia, akamfulia na akamchapa. Mwezi huohuo wa msiba alimkuta akiwamwagia kuku michembe, vile viazi vyetu vilivyokatwakatwa na kukaushwa, eti imeingia wadudu, akamcharaza fimbo za miguuni, akamwamuru aiokote yote kipande kwa kipande, aipulize vumbi, aioshe, ichemshwe na iliwe, na akamwambia maneno ambayo leo anayarudia mbele ya jeneza kwa sababu ni yake na hana wa kumsingizia: “Katika nyumba hii hakuna kinachotupwa.”

Marehemu alianza darasa la kwanza Januari 1967 katika shule ya msingi ya kijiji, akamaliza la saba mwaka 1973, na walimu wake, kama wangekuwa hai, wangewaeleza kwamba aliandika daftari moja mara mbili, kwanza kwa penseli, halafu kwa kalamu ya wino juu ya yaleyale, jambo ambalo mwalimu wa hesabu alimchapia viboko vinne, na mwaka uliofuata mwalimu huyohuyo akawa anawaonyesha wenzake daftari hilo na kuwauliza kwa nini wao ni wapotevu. Mwaka 1974 njaa ilipoingia na watu wakapanga foleni ya unga wa njano, nyumba ya mzee Mboje ilikuwa na vihenge viwili vya michembe ya miaka miwili nyuma, yenye vumbi na wadudu wake, ikaliwa hadi mvua iliporudi, na hakuna aliyezikwa katika nyumba ile mwaka ule. Kwa hiyo wanaosema Milembe amekuja kuutukana uangalifu wamekosea anwani, kwani uangalifu ulimvusha Athanasi akiwa na miaka kumi na sita, na mtu aliyevushwa mto na mtumbwi hawezi kumsikia anayemwambia kwamba mtumbwi umetoboka.

Tarehe 1 Juni 1977 aliajiriwa na chama cha msingi cha wakulima wa pamba kuwa karani msaidizi wa mizani, na tarehe 15 Machi 1994 akapandishwa kuwa mtunza ghala la pembejeo, kazi aliyoifanya miaka ishirini na minne bila kupoteza msumari, akifagia mbegu zilizomwagika sakafuni na kuzirudisha guniani, akikata shati la zamani kuwa vitambaa vya kufutia mabomba ya kunyunyizia dawa, akishona kandambili kwa waya mpaka mwenyekiti wake akamtania kwamba mguu wa kushoto umevaa kandambili na wa kulia umevaa waya. Wakulima walimpenda, kwa sababu aliyekwenda kwake kuomba dawa ya ekari tatu alipimiwa ya ekari tatu, halikuzidi tone wala halikupungua.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2018, na siku ya makabidhiano zikaonekana galoni tisa za dawa ya pamba zilizokwisha muda wake, akaagizwa azipeleke wilayani zikateketezwe. Mtu mwingine angezipeleka. Athanasi alizitazama galoni zile kama mtu anavyotazama ng'ombe mwenye mimba anayepelekwa machinjioni, akasema, “Sumu haina tarehe, tarehe ni ya karatasi,” na hakuna aliyemfuatilia, maana nani angemshuku Athanasi, akazipeleka nyumbani kwake Zagayu, akazipanga nyuma ya mlango wa ghala lake la mahindi, na kuanzia msimu ule hakununua tena dawa ya kuhifadhia nafaka. Alikuwa akimimina kizibo kimoja cha dawa ya pamba kwenye ndoo ya maji, ananyunyizia mahindi, anayageuza kwa koleo, anaanika, anafunga gunia. Dumuzi hawakuonekana tena ghalani kwake. Majirani walikwenda kuyashangaa, wakayashika, wakayanusa, wakasema mzee ana mkono wa baraka.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Felisita tarehe 20 Oktoba 1984, misa ikapangwa saa nane mchana ili wageni wawe wameshakula makwao, na utani huo Felisita aliusimulia mwenyewe maisha yake yote akicheka. Mungu aliwajalia watoto wawili, Fredrick, anayefuga na kulima Lingeka kule Meatu, na Martha, mwenye kibanda cha kushonea nguo Bariadi mjini, pamoja na wajukuu saba. Felisita alifariki tarehe 3 Februari 2022 baada ya kuumwa siku mbili, tumbo likimsokota, mate yakimtoka, jasho likimlowesha mpaka godoro, na ninyi mliokuwapo mlisema malaria, na mliosema kwa sauti ya chini mlisema mkono wa mtu, mkaanza kuhesabu vikongwe wa kijiji na macho yao. Hakuna aliyehesabu galoni. Milembe naye hakuzihesabu, ingawa alikuwa akiziona kila alipokwenda kuazima ungo.

Kuhusu kubana matumizi, ambako katika karatasi ya Fredrick kuna aya nzima ya pongezi, dada wa marehemu anasema hivi, akiwa ni mtu ambaye hadi leo hubandika kipande cha sabuni kilichoisha juu ya sabuni mpya. Anayetunza kitu hukiuliza kila mara kama bado kinamfaa, na kikijibu hapana hukizika. Athanasi aliacha kuuliza. Alikuwa ameshashinda mara moja, mwaka ule wa njaa, na kushinda mara moja kunampumbaza mtu kuliko kushindwa mara kumi, akawa hatofautishi tena kati ya michembe yenye wadudu na kitu kilichotengenezwa ili kiue.

Jumapili tarehe 10 Novemba mwaka huu wa 2024, baada ya ibada, marehemu alifagia ghala lake kuandaa nafasi, akakuta unga mweupe chini ya magunia, pumba na dawa ya miaka sita vimechanganyika, na kwa kuwa pumba haitupwi akawamwagia kuku. Kufikia saa tisa kuku kumi na mmoja walikuwa wanazunguka uani kama walevi, shingo zimepinda. Aliwawahi wanne wakiwa bado wanarusha miguu, akawachinja. Milembe, ambaye nyumba yake iko hatua thelathini kutoka pale, alifika akamkuta ameketi ananyonyoa, akamwambia, “Athanasi, kuku hao wafukie,” naye bila kuinua kichwa akasema, “Ilumbu,” yaani dada, kama walivyoitana tangu utotoni, “nimewachinja kabla hawajafa, ni nyama halali.” Akamwambia tena, safari hii kwa ukali, kwamba kuku hao wameuawa na kilichomo ghalani, akajibiwa, akitabasamu, “Wewe ndiye uliyenifundisha, leo unataka nitupe?” Milembe akanyamaza. Hilo nalo liandikwe, kwamba alinyamaza, akaenda zake, akadhani njaa ya mtu mzima si kazi yake tena.

Jioni hiyo marehemu alikaanga kuku, na kwa kuwa firigisi kwa desturi ni ya baba mwenye nyumba, alizila zote nne, yaani alikula ule mfuko hasa ambamo kuku husaga alichodonoa. Jumatatu tarehe 11 alfajiri alikuwa anatoka mate na jasho, mikono inatetemeka, na Martha alipofika na gari la kukodi alikataa kupanda, akasema basi la mchana lipo, gari la kukodi linakula mbuzi mzima, akabebwa kwa nguvu huku akiuliza bei. Katika hospitali ya Bariadi daktari wa zamu, kijana mpole, alimfunua macho, akaona mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano, akauliza, “Huyu mzee amekula nini?” na alipoelezwa hakusema malaria wala mkono wa mtu, alisema hii ni sumu ya wadudu. Walimhangaikia siku tatu. Marehemu Athanasi Mboje alifariki dunia Jumatano tarehe 13 Novemba 2024, saa kumi jioni, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Hapo historia ya marehemu ingeisha, kama asingeacha ghalani magunia kumi na saba.

Alhamisi kamati ya msiba ilikaa, na Fredrick, akiwa mwenyekiti, akasema, “Shangazi, magunia yote haya yako ndani, tukanunue mahindi sokoni Bariadi ya nini? Baba mwenyewe angetuona wapumbavu.” Milembe akamwambia, “Baba yako ndiye tunayemzika.” Mwanakamati mmoja akasema yataoshwa. Mwingine akasema sumu hufa kwenye moto, kana kwamba wale kuku walikuwa hawajakaangwa. Mwingine, ambaye hatatajwa kwa heshima ya mumewe, akasema bibi anayataka mahindi yawe yake, mnyimi ni mnyimi tu, hata msibani. Ikaonekana mjadala umekwisha na magunia hayataguswa, lakini jana Ijumaa asubuhi Milembe aliamka akakuta kufuli la ghala limetolewa na gunia moja limefunguliwa, na alipoulizia kwenye mashine ya kusaga akaambiwa unga umeshachukuliwa, uko jikoni msibani, maji yanachemka.

Mliojiuliza kwa nini jana mlikula saa kumi na moja, sababu ndiyo hiyo. Milembe aliingia jikoni, akamwaga ndoo mbili za majivu na chupa ya mafuta ya taa ndani ya unga ule, akaupindua kwa mikono yake mpaka ng'ombe asingeutamani. Mektilda, kiongozi wa wapishi, alipiga yowe, “Njooni, bibi amechanganyikiwa! Anamwaga chakula cha watu!” na akina mama wakamshika mabega, na ni kweli kwamba ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumwaga chakula, lakini aliumwaga. Fredrick alilia, Milembe anakiri hivyo, hakulia kwa hasira, alilia kwa uchungu wa unga, sawasawa na ambavyo baba yake angelia.

Sasa sikilizeni, na hapa msitikise kitu. Gunia lililofunguliwa lilikuwa na madebe sita. Yaliyosagwa, kwa kauli ya mwenye mashine, ni madebe matano. Debe moja limekwenda nyumbani kwa mtu, na mtu huyo yumo humu ndani, amevaa vizuri, ana watoto, ameona mahindi meupe yasiyotobolewa hata punje, yanataka kupotea bure, akafanya kile ambacho marehemu angefanya, kile ambacho Milembe alimfundisha marehemu kufanya. Hatatafutwa, hataulizwa, hataitwa mwizi. Ayarudishe. Kama ameshayapika, ampeleke mtoto hospitali bila kungoja basi. Sumu ile haina harufu baada ya kuanikwa, haina rangi, haibadilishi ladha ya ugali, na Felisita aliupika kwa miaka mitatu na nusu akiusifu.

Familia inamshukuru daktari yule kijana na wauguzi waliomhangaikia marehemu, majirani wa Zagayu waliolala nje siku hizi tatu, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa chama cha msingi waliotoa turubai na viti, Martha kwa gari lile ambalo baba yake hakulitaka, na Tajudin, mwenye duka Bariadi, ambaye si wa dini yetu wala si wa ukoo wetu, na ambaye aliposikia habari ya jikoni alipakia viroba vya unga kwenye gari lake akavileta mwenyewe, akasema tu, “Poleni, kuleni hiki.” Hata Mektilda anashukuriwa, kwa kuupika unga huo na mabega ya bibi yakiwa bado yanauma. Bwana shamba ameahidi kufika Jumatatu na watu wenye glavu, wachukue magunia na galoni zote.

Kati ya leo na Jumatatu kuna siku mbili, na ghala la mtu hufunguliwa wakati watu wote wako kaburini. Kwa sababu hiyo Milembe hatakwenda makaburini kumtupia mdogo wake udongo, jambo alilopaswa kufanya yeye wa kwanza kwa kuwa ndiye aliyemlea, mtalifanya ninyi kwa niaba yake, na yeye atakuwa ameketi kwenye kizingiti cha ghala, na jembe analo.

Athanasi, ulichoka kubeba, sasa tua, Mungu akupe amani ambayo haihitaji kuwekewa akiba.

Aliyewasomea anaikabidhi karatasi hii kwa Fredrick, anatoka kabla katekista hajasimama, na mlango wa kigango anaufunga nyuma yake, ili aliyekuwa amejiandaa kutoka mapema achelewe.