Neno Lililomshinda Mama Pindo

Wapendwa waombolezaji, kabla sijasoma historia ya dada yangu naomba radhi mbele za Mungu na mbele yenu, kwa kuwa mwanawe mmoja, nisiyemtaja kwa sababu aibu ni yangu, aliniletea simu niliyompa mwenyewe ili atulie, akaniuliza wale watu mbona hawana nguo, nami nikampiga kofi la mdomo.

Marehemu, mliyemwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, akamaliza darasa la saba mwaka 1993, akafundishwa cherehani na shangazi, akafungua kibanda karibu na shule, ambako kila sare aliiachia pindo refu, akisema mtoto hukua usiku, mzazi akajua asubuhi.

Tarehe 2 Desemba 2000 alifunga ndoa na shemeji yangu, dereva wa lori, wakajaliwa watoto wanne.

Baada ya kofi lile mtoto alitulia kama maji mtungini. Marehemu alimwomba fundi simu aifunge simu isilete uchafu, fundi akaifunga kwa namba ya siri, na haikupita wiki mtoto ndiye aliyemfungulia mama kila alipoisahau, tukacheka, ingawa hakikuwa kicheko. Dada akajaribu kusema naye juu ya yale aliyoyaona, huku anashona, maana kutazamana kulimshinda, lakini maneno tuliyorithi ni ya matusi au ya hospitali, na kila alipolikaribia neno lenyewe mguu uliacha kukanyaga, cherehani ikanyamaza, naye akaishia kuuliza habari za masomo.

Figo zilianza kumsumbua Agosti 2022, akalazwa mara kwa mara, na mara ya mwisho alinishika mkono akaniambia, mdogo wangu, wewe uliyemfunga mdomo ndiwe umfungue, nikaitikia, akafariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024. Nimesali, nimefunga, neno halijaja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotupikia, na mafundi wenzake mliomalizia sare zilizobaki mezani.

Dada, pumzika kwa amani, pindo uliliacha, kulifumua ndiko kunakonishinda.

Nanyi wapendwa, kama yupo mzazi hapa aliyewahi kusema jambo hili na mwanawe, na mwana akajibu, naomba tukitoka makaburini asiondoke kabla hajaniambia alianza na neno gani.