Kengele Isiyo na Ulimi: Risala ya Wasomaji wa Chumba cha Kimya

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi mliowahi kivuli na mliochelewa mkabaki juani:

Tunakusalimu kwa heshima na kukutangazia bila woga kwamba umekaa mbele ya wasomaji wenye nidhamu kuliko wote waliowahi kushika kitabu. Katika Chumba chetu cha Kimya hata nzi akitaka kupita hutua kwanza mlangoni akaomba ruhusa. Hatunong'oni, hatucheki, na chafya tunakwenda kuipigia nje.

Ukija siku ya masomo ukasikia ngurumo, usishtuke. Ni msumeno wa karakana ya useremala, tunayopakana nayo ukuta kwa ukuta. Mlio wa sufuria ni wa kantini, upande wa pili. Na wale wanaobishana habari za mpira chini ya dirisha, kwa masikitiko makubwa, ni wenzetu.

Karibu sana.

HISTORIA FUPI YA CHUMBA

Chumba cha Kimya kilikuwa stoo ya viti vilivyovunjika miguu. Mkutubi wetu, ambaye tunamwita Bi Taratibu akiwa mbali na "mama" akiwa karibu, alipoanza kazi hapa aliwakuta wanachuo wanasomea kwenye ngazi, vitabu magotini, wakiinuka kumpisha kila anayepanda. Hakuitisha kikao. Alivitoa viti vile kimoja kimoja, akafagia kinyesi cha popo, akawabembeleza waseremala wampe meza, akafungua dirisha lililokuwa limepigiliwa misumari. Kisha akakaa akasikiliza. Kelele zilikuwa palepale, ila sasa zilikuwa na mahali pa kukaa.

Angeweza kugomba. Lakini Bi Taratibu ni mtu ambaye ukimkanyaga mguu, yeye ndiye anayeomba radhi. Kukemea kunamchosha kuliko kubeba vitabu. Chini ya rundo la viti alikuwa ameokota kengele ya zamani ya shaba iliyokatika ulimi. Akaipangusa kwa upindo wa gauni, akaiweka mezani kwake, na hapo ndipo sheria yetu ilipozaliwa.

Ukizungumza, hakusemeshi. Atavua viatu, atakuja pekupeku, ataiweka kengele mbele yako na kuondoka. Wewe utaichukua, utatoka nje, utamaliza maneno yako yote, hata kama ni umbea, kisha utamrudishia kwa mikono miwili. Naye atasema, "Haya, karibu ukae." Yamekwisha. Haulizi jina, hapeleki kesi kwa mtu. Imeshamkuta mwalimu wa hesabu. Imeshamkuta Mkuu wa Chuo (utusamehe, Mkuu), naye alitoka na kurudi kama sisi sote.

MAFANIKIO

Tunavyo vitabu. Kitabu cha uhasibu kimesomwa mpaka kikapoteza sura ya kwanza na ya mwisho, hivyo mhasibu aliyesomea hapa huanzia katikati na kuishia hewani, lakini anafika. Paa linavuja, ila linavuja mahali tunapopajua, na ndoo imeshazoea.

Fanikio kubwa ni kile chumba chenyewe. Mwenzetu mmoja anaishi nyumba ya kupanga ambamo jirani alinunua redio bila kujifunza kuizima. Dada mmoja wa mwaka wa pili ana mapacha; kwake kitabu kikifunguliwa, mmoja analia na mwingine anakitafuna. Watu hawa wakiingia kwa Bi Taratibu huweka begi chini, na kabla ya kusoma hukaa kwanza kidogo, mikono juu ya meza, wakipumua tu. Yeye huwaona. Huwaacha.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, tumechoka. Mabati tumeomba kwa miaka, mpaka aliyekuwa anatuandikia barua za maombi amehitimu, ameoa, na sasa anajenga kwake. Hilo tuliache.

Mwezi uliopita tulipata ziara ya mgeni mmoja mkubwa. Hatumtaji. Alikuwa na kimo kama chako, na suti yake ilikuwa na ukoo na hiyo uliyovaa.

Siku hiyo Bi Taratibu alikuwa hajalala vizuri, miguu imemvimba. Mgeni aliingia Chumba cha Kimya na msafara wake, na simu yake ikaita. Akaipokea.

"Mwambie huyo fundi asipasue ukuta mpaka nifike!" alisema. "Nani kamwambia bomba linapita hapo? Nani? Mpe simu. Mpe simu nimsikie mwenyewe!"

Bi Taratibu alimtazama yule dada wa mapacha, aliyekuwa ameweka kidole kwenye mstari na kuurudia, na kuurudia. Akamtazama Mkuu wa Chuo. Mkuu alikuwa anakagua dari. Bi Taratibu akatamani mtu mwingine yeyote ainuke. Hakuinuka mtu. Aliwaza kwamba akimwacha huyu, kesho atampelekea nani kengele, na kwa uso gani? Akavua viatu. Wanaomjua waliona jinsi alivyoshika ukingo wa meza kabla ya kunyanyuka.

Akaiweka kengele mbele ya mgeni.

Uso wa mgeni ukachanua. Akakata simu. "Ah! Zawadi! Jamani, ahsanteni sana. Ahsante, mama!" Akaiinua juu apigwe picha. Akaitikisa. Haikulia. Akaitikisa tena, kwa nguvu zaidi, huku akitabasamu.

"Si zawadi, mzee," Bi Taratibu alisema kwa sauti ndogo. "Ni ya kutokea nje. Ukimaliza simu yako unairudisha, halafu unakaribia."

Hapo kikasikika kicheko. Sisi tulikuwa ndani, macho kwenye vitabu, kwa hiyo hatuwezi kusema kilitokea wapi. Yawezekana ni karakana. Waseremala wana tabia hiyo.

Mgeni alitoka na kengele mkononi, akaingia garini, gari likaondoka. Bi Taratibu alibaki mlangoni pekupeku, viganja vimekunjuka kidogo, kama mtu anayengoja kupokea kitu.

Baada ya hapo ilikuja barua ya uhamisho. Mwisho wa mwezi huu anatakiwa awe ameripoti kwenye tawi la chuo lililo mbali, safari ya kutwa nzima, akasimamie ghala. Nyumbani kwake, nyuma tu ya uzio wa chuo, yupo mama yake mzazi ambaye hawezi kujigeuza kitandani. Kila adhuhuri Bi Taratibu huacha funguo kwa aliyekaa karibu na mlango, huenda, humgeuza mama yake, humlisha, hurudi. Huyo mama hawezi kusafirishwa, na hana mtoto mwingine.

Tulimuuliza, "Sasa mama utafanyaje?"

"Sijui, wanangu," alisema. "Nimechoka hata kujua."

"Tutakusemea kwa wakubwa."

"Msinisemee. Mtaniongezea."

Kwa hiyo, mgeni rasmi, hatumsemei. Tunasimulia tu.

MAOMBI

Tunaomba mabati. Tunaomba kitabu cha uhasibu chenye mwanzo na mwisho.

La tatu halihitaji fedha. Kama unafahamiana na yule mgeni, tunaomba umfikishie ujumbe. Mwambie kwamba hakufukuzwa. Kwa sheria ya Chumba cha Kimya hana kosa lolote. Ni mtu aliyetoka kumaliza simu na bado hajarudi. Kiti chake kipo. Tangu kengele iondoke, mtu akipiga kelele Bi Taratibu huenda kusimama mbele yake mikono mitupu, na tunanyamaza kwa kumwonea huruma. Huruma haidumu kama sheria, sisi tunajijua. Mwambie ailete mwenyewe, kwa mikono miwili, kabla mwezi haujaisha. Ataambiwa, "Haya, karibu ukae." Hakuna atakachoulizwa.

HITIMISHO

Risala yetu ilikuwa imeishia hapo. Lakini leo asubuhi, tulipokuwa tunafanya mazoezi ya kuisoma nyuma ya maktaba, dereva wako alikuja kuomba maji ya rejeta. Akasimama na ndoo yake, akasikiliza. Tulipofika kwa waseremala, akaguna.

"Waseremala gani?"

"Wa karakana, mjomba."

"Karakana ilikuwa imefungwa siku ile. Waseremala wote walipangwa getini kumpigia mzee makofi. Mimi nilikuwa hapahapa nafuta vumbi kwenye kioo cha gari." Akaweka ndoo chini. "Ninyi hamkuwa ndani mnasoma. Mlikuwa nje, mmepanda juu ya matofali yale, mnachungulia dirishani. Na aliyeanza kucheka ni wewe hapo, mwenye karatasi. Ulicheka mpaka ukaanguka."

Mmoja wetu akajitutumua: "Mjomba, lakini tulikuwa wengi..."

"Wengi walifuata. Huyu ndiye aliyeanza." Kisha akatueleza jambo ambalo hatukulijua. "Njia nzima mzee hakuitaja kengele. Alisema neno moja tu: 'Wamenicheka, na yule mama ndiye aliyewapanga.' Nikanyamaza, mimi kazi yangu usukani. Sasa chagueni. Mlisome na hili, au nitainua mkono palepale mkutanoni nilisome mwenyewe."

Hatukuwa na karatasi nyingine ya kuandika upya, ndiyo maana huko juu umesikia habari za nidhamu yetu na za waseremala kama zilivyokuwa. Tunakuomba uziruke. Bi Taratibu hakucheka. Hakumpanga mtu. Alikuwa ameligeuzia dirisha mgongo, wala hakujua kwamba tupo.

Mungu akulinde njiani, akupe simu chache na mafundi wanaosikia. Awape nguvu wote wanaoamka wakiwa wamechoka na bado wakafungua mlango.

Ni sisi, Wasomaji wa Chumba cha Kimya. Anayesoma mbele yako ndiye mwenye karatasi. Ukiwa na shaka, mgeukie dereva wako. Amesimama kando ya gari.