Bibi Dorika Haendi Msibani

Basi la Karema lilikuwa linavuja juu ya kiti cha Bibi Dorika, naye akapakata kopo tupu la siagi likawa linapokea matone. Jirani yake wa kiti, Uwesu, mchuuzi wa dagaa, alizitazama kanga zake mbili akasema taratibu, "Pole na msiba, mama. Nani katutoka?"

"Hajafa mtu. Naenda kupanda boti, nizungushwe ziwani, nirudi kwangu Nsemulwa."

Huruma ikamwisha Uwesu palepale. "Peke yako? Mvua yote hii?"

"Ulitaka nije na kwaya?"

"Kama ni kutazama maji, mama, si ungekaa barazani kwako? Leo yanapita mlangoni bure!"

Watu wakacheka. Dorika akawaacha wamalize. "Baba, Karema nimekuja mara nyingi, na kila mara ni kuzika. Nafika, nalia, napika, narudi. Maji ya ziwa sijawahi hata kuyakanyaga."

"Na mawimbi ya leo? Ukizama je?"

Basi likasimama. Dorika akajifunga mfuko wa nailoni kichwani, juu ya kilemba.

"Mje kuzika, baba. Si ndiyo safari pekee mnayoijua nyie?"