Sindano Aliyochomwa Zahoro

Sikilizeni wanangu. Mohammed, zima hiyo simu, na wewe Dalia niinulie mto, maana pumzi zenyewe chache na sitarudia. Duka mtagawana kama dini inavyosema. Langu ni hii kesi.

Wakili juzi amesema nikifa mtaiendeleza nyinyi, fidia ya chanjo ya korona iliyoniharibu mapafu walipwe warithi. Miaka miwili nimesaini kila alicholeta, kwa kuwa nilichoka kubishana nanyi na kwa aibu, na sasa hata hiyo aibu imenichosha.

Mimi sikuchanjwa. Nilitaka cheti niende Dubai kuchukua mzigo, na sindano naiogopa tangu utoto, basi nikampa Zahoro, mchukuzi wetu, kitambulisho changu, nikamwambia vaa barakoa, kapange foleni, wakiita Sheikhan itika. Akachomwa yeye, cheti kikatoka kwa jina langu. Zahoro huyo mnamwona kila siku anapandisha marobota ghorofa ya tatu, hata chafya hajapiga. Mimi nilirudi kutoka Dubai na ugonjwa wenyewe, ndio uliokula mapafu. Mkakiona cheti, mkaniona na mtungi wa oksijeni, mkaunganisha wenyewe, nami nikanyamaza.

Kesho asubuhi mkalifute hilo shauri. Mohammed, usinikatishe. Kisha nendeni Ilala kwa yule muuguzi, Evelyn, mliyemtaja kwenye madai mpaka akasimamishwa kazi, mkamwombe radhi kwa niaba yangu. Kosa lake ni kutomfunua mtu barakoa siku ya foleni ndefu. Zahoro atakwenda nanyi kwa mwajiri wa Evelyn aseme ukweli, nimeshaongea naye.

Nipe maji, Dalia. Basi, yatosha.

Mama yenu aliponiuguza, jirani alimwambia ajitenge nami. Akamjibu, mume wangu kachanjwa, haya mafua tu. Nilimsikia, yuko hapo mlangoni. Ningeweza kumwita nimwambie. Sikumwita. Akaja akanilisha uji kwa mkono wake, na siku ya kumi na mbili mkamzika, mimi nimelala hapa hapa. Sijui kama sindano ingetuokoa. Ninachojua, yeye alikuwa na haki ya kuogopa, na mimi nilimnyima.

Mkitaka fidia, nidaini mimi.

Mungu awalinde, awape... awape watoto wanaosema kweli. Radhi zangu mnazo, zote. Zenu siombi leo. Kando ya mama yenu pana nafasi... mniweke pale, au mbali. Amueni nyinyi.