Figo Si Kipaumbele Tena: Maneno ya Kumuaga Daktari Rahaf Muhanna

Mheshimiwa Naibu Mkuu wa Chuo, Profesa Marwan, Bi Ghania, mama mzazi wa tunayemuaga, pamoja na jamaa zako mliotoka Deira, waheshimiwa wahadhiri, ndugu zangu walinzi, wapakiaji na wapishi mliokuja na basi la kampuni kutoka Al Quoz, wengine mkiwa bado na sare za kazi, mabibi na mabwana, habari za jioni.

Profesa Marwan hasemi Kiswahili, na Aseel aliyeketi kando yake amekubali kumtafsiria. Aseel, nakuomba usipunguze kitu.

Mimi ni Carolyne Wakesho, mratibu wa mradi wa Daktari Rahaf. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta washiriki, kuwaeleza tunachofanya na kuwapigia simu majibu yakitoka. Nimeombwa nimuage Daktari kwa maneno matamu. Matamu ninayo, ila yamechanganyika na mengine, na nimeshindwa kuyatenganisha.

Kwa wageni ambao hawamfahamu, Daktari Rahaf ni mtaalamu wa figo, mzaliwa wa hapa hapa Dubai katika nyumba ya watu wa Unguja. Alikuwa na swali moja: mtu anayefanya kazi kwenye joto mwaka baada ya mwaka, figo zake huwaje? Kulijibu kunataka uwafuate watu walewale kwa miaka mingi, uwapime damu mara kwa mara, na uhifadhi sampuli zao kwenye jokofu la baridi kali. Chuo chetu hiki, kama mjuavyo, ni tawi. Chuo mama kiko ng'ambo, na fedha za utafiti hutoka kwa serikali ya shirikisho ya huko. Hapo ndipo balaa letu lilipoanzia, kwa sababu figo huharibika polepole, lakini vipaumbele vya serikali ile hubadilika kabla hujamaliza kunywa chai.

Tulipoanza, kipaumbele kilikuwa afya ya wafanyakazi wahamiaji. Wageni walikuja, tukapigwa picha, tukasifiwa. Kisha wakubwa wa huko wakabadilika, tukaitwa kwenye kikao cha mtandaoni. Afisa mmoja, mpole kweli, akasema, "Kazi yenu ni nzuri sana, ila hili neno 'wahamiaji' siku hizi linaleta shida. Mnaweza kuliondoa?"

Daktari akamuuliza, "Nikiliondoa, niandike nani? Hao ndio ninaowapima."

"Andika 'watu wazima'."

Tukaandika watu wazima. Mara kipaumbele kikawa akili bandia, tukaambiwa mradi utanusurika iwapo utakuwa na akili bandia ndani yake. Daktari akaacha wagonjwa, akaketi na wataalamu wa kompyuta kutafuta mahali pa kuichomeka. Hatujakaa sawa, kipaumbele kikawa ulinzi wa taifa, tukatakiwa tueleze joto humfanya nini askari vitani. Jamani, askari gani? Sisi tulikuwa na mlinzi wa ghala na mpakiaji wa mabati! Bi Ghania, unakumbuka ulivyoniuliza nilipokuja kwako? "Hebu nambie mwanangu, huyu Rahaf siku hizi atibu watu au atunga insha?" Nilicheka siku ile.

Halafu ikaja siku ya mwisho. Tukaarifiwa kwamba mradi hauendani tena na vipaumbele, usimamishwe mara moja. Tusipime mtu, tusimpigie mshiriki yeyote simu, na jokofu lizimwe, kwa kuwa chumba kinahitajika kwa mradi mwingine. Haya yote yalitukuta tukiwa tumeshachukua damu na majibu yameshatoka, lakini wenyewe hatujawapa.

Sasa nataka kuwataja watu wawili. Wa kwanza ni kaka yetu Apollo, mlinzi wa Al Quoz, yule pale mstari wa tatu. Apollo alinipigia simu mwenyewe. "Dada Carolyne, majibu yangu mbona hayaji? Miguu inavimba, viatu haviingii." Nami nimekatazwa kumjibu! Nikapeleka ile simu mpaka ofisini kwa Daktari. Akaipokea, akafungua majibu, akamwambia, "Apollo, nenda hospitali sasa hivi. Mwambie sir wako, huyo msimamizi, kwamba daktari amekuita, na akikataa nipe nizungumze naye."

Alipokata simu nilimwambia, "Daktari, tutafukuzwa."

Akanijibu, "Nilipomchoma sindano nilimwambia kwamba nitamweleza nitakachokiona. Tulikuwa watatu mle chumbani, mimi, wewe na yeye. Hiyo serikali haikuwemo."

Tangu hapo tukaanza kumpigia kila mshiriki, mmoja baada ya mwingine, bila kumuomba mtu ruhusa. Apollo alitibiwa mapema, na leo analinda ndani, penye kiyoyozi. Lakini wa pili ni Trinah, na Trinah hayupo ukumbini. Alikuwa akisafisha madirisha ya maghorofa. Tulipompigia, simu haikupatikana. Wenzake walituambia alizidiwa, mkataba wake ukakatishwa, akarudishwa Uganda. Hivi sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Majibu yake yalikuwa kwenye kompyuta yetu wakati wote ule tulioamriwa kunyamaza. Profesa Marwan, sikwambii haya ili nikutie aibu mbele za watu. Nakwambia kwa sababu hakuna kikao hata kimoja ambamo jina lake lilitajwa, na nilitaka litajwe ndani ya jengo hili angalau mara moja.

Tena wewe, Profesa, nina wajibu wa kukushukuru. Ulipoulizwa na ng'ambo kama jokofu limeshazimwa, hukusema ndiyo wala hapana. Ulisema "inshallah." Ndani ya inshallah yako tulipata muda wa kuitafuta kliniki moja ya Deira iliyokubali kuzipokea sampuli, na muda wa kuwauliza ninyi wenyewe kama mnaridhia damu yenu ihamie huko. Kisha Talal, ndugu yake Daktari, anayefanya kazi kwenye maghala ya Freezone ya uwanja wa ndege, akatuletea gari la baridi. Tulipakia adhuhuri, jua la Agosti limesimama kichwani. Kila boksi likipita mlangoni Daktari alikuwa akilisindikiza kwa mkono kama anayesindikiza mgonjwa. Boksi la mwisho lilipoingia, akasema "khalas," yaani yamekwisha, akaketi chini pale pale kwenye lami, akalia.

Mtadhani hadithi imeishia hapo. Wiki iliyopita simu ikalia. Ni yule yule afisa mpole. "Daktari, habari njema! Joto limerudi kuwa kipaumbele. Tunakutaka uongoze mradi mpya, na utuletee takwimu zote za zamani haraka iwezekanavyo."

Daktari akamuuliza swali moja tu. "Hawa watu mtaniruhusu niwafuate mpaka lini?"

"Kwa sasa, mpaka mwisho wa mwaka wa fedha. Baada ya hapo itategemea vipaumbele."

"Basi, ahsante," akasema. "Mimi nimeshaaga." Akaweka simu chini, akaniuliza kama Apollo amefika kwa kipimo chake.

Waheshimiwa wahadhiri, sikatai kwamba serikali ina haki ya kuchagua itumie fedha zake kwa lipi. Lakini kabla hamjamwomba mtu akunje mkono wa shati, je, mmeshajua ni nani atakayempa majibu yake siku fedha zikikatwa? Kama hamjui, mnamwomba mkono wake kwa haki gani? Profesa, naomba swali hili liingie kwenye kanuni za chuo hiki kabla ya mradi mwingine wowote kufunguliwa. Hiyo ndiyo zawadi ambayo Daktari angeipokea kwa furaha kuliko ile saa ya ukutani iliyofungwa kwenye karatasi pale mezani.

Ndugu zangu washiriki, sikilizeni vizuri. Vipimo vinaendelea Jumamosi hii, Deira, kliniki ile iliyo karibu na soko la Naif. Njooni asubuhi, mkiwa mmekunywa maji ya kutosha. Mwenye zamu aniambie, tutamsubiri. Daktari Rahaf atakuwepo mwenyewe, maana huko ndiko anakohamia, na anayewapokea mlangoni nitakuwa mimi, kwa maana nami nimeacha kazi hapa chuoni leo asubuhi. Profesa, niwie radhi kwamba unalisikia hili mbele ya watu.

Daktari, nenda, nakuja nyuma yako. Na ninyi nyote mlionivumilia mpaka neno hili la mwisho, asanteni sana kwa masikio yenu.